Vidole Juu ya Shuka

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Leo sina sungura wala fisi. Nina mzigo, na nimechoka kuubeba peke yangu, kwa hiyo nikimaliza kusimulia nitautua hapa mbele yenu. Wewe ambaye huwa unajibu kabla sijamaliza, njoo ukae hapa nikuone. Mnapokea? Basi pokeeni.

Habari hii ina watu watatu wenye vipaji vyao.

Wa kwanza aliitwa Lwitiko, na kipaji chake kilikuwa jicho. Alikuwa mpiga picha kutoka mjini, ametumwa na watu wa makumbusho apige picha za maisha ya vijijini, kila mtu mlangoni kwake na kazi yake mkononi. Wapiga picha tuliowazoea sisi walikuwa wanakupanga, wanakuinua kidevu, wanakukataza kupepesa macho. Lwitiko alikaa nawe mpaka chai ikapoa. Alisubiri usahau kwamba yupo, ndipo akabonyeza.

Wa pili aliitwa Tumpe, na kipaji chake kilikuwa kuchekesha. Angeweza kumchekesha mtu aliyetoka kugombana na mumewe muda huohuo, machozi yakiwa bado mashavuni. Kwenye misiba alikuwa anajitenga, anakaa nyuma kabisa, maana alijijua.

Wa tatu aliitwa Nsajigwa, na kipaji chake kilikuwa kunyamaza. Ukimpa siri leo, unaweza kwenda Zambia ukarudi na mvi, ukaikuta vilevile ulivyoiacha. Mkewe alifariki mapema bila kumwachia mtoto, naye hakuoa tena.

Yupo na wa nne, na bila yeye tusingekuwa hapa. Aliitwa Yudita. Alitoka Ukinga akaja kijijini kwetu Ilwangu, huku juu Uporoto kwenye baridi na mashamba ya pareto. Alikuja kuchuma kwa msimu mmoja tu. Akaolewa na Ndimyake, akabaki. Ilwangu yote hakuwa na ndugu hata mmoja. Lwitiko alipofika na kamera yake, Yudita alikuwa mjamzito, na mimba ilikwishakuwa kubwa.

Hapo niwaambie desturi, la sivyo hamtaelewa. Zamani zile Ilwangu mjamzito hakupigwa picha. Wazee walisema kamera inapenda sura changa, na ikiikuta ya mtoto tumboni itaichukua hiyo kwanza. Msicheke. Na ninyi mna mambo yenu ambayo wajukuu zenu watayacheka.

Lwitiko naye alikuwa na desturi yake. Alikuja na shuka jeupe, na kila aliyempiga picha alitaka lisimame nyuma yake, ili macho yabaki kwa mtu yasitangetange kwenye kuta na kuku. Kwa upepo wa Uporoto huwezi kulitundika shuka likatulia, kwa hiyo alihitaji watu wawili warefu wa kulishika, mmoja kila pembe, wamesimama nyuma yake na mikono juu. Yudita alikuwa mrefu, akajitolea. Wazee wakaguna, wakashauriana, mwisho wakasema nyuma ya shuka si mbele ya kamera, basi ashike. Pembe ya pili akaishika Tumpe, shoga yake.

Hivyo ndivyo kijiji chetu kilivyopigwa picha. Wachumaji wa pareto na vikapu vyao, katekista na baiskeli yake, mhunzi, mama aliyekuwa anasuka mikeka, ajuza mmoja aliyekataa kuweka kiko chini. Na katika kila picha, ukitazama juu pembeni, utaona vidole vimeshika ukingo wa shuka. Upande mmoja ni vya Tumpe. Upande wa pili ni vya Yudita, unavitambua kwa sababu kidole cha kati kimefungwa kitambaa, alikuwa amejikata na mundu. Hata kwangu ukutani ipo ya mama mkwe wangu, marehemu, ameketi na mtungi wake, na vile vidole vipo juu yake. Nilikaa na picha ile miaka mingi bila hata kuviona.

Mtu wa mwisho kupigwa picha alikuwa Nsajigwa. Mwenzenu huyu alikuwa ameisubiri siku ile kwa hamu, na mtaona kwa nini. Ilwangu mtu akifa, picha yake hubebwa mbele ya jeneza na mwanawe. Nsajigwa hakuwa na mwana, akasema angalau awe na picha, wa kuibeba atatafutwa. Akanunua koti la kahawia kwa ajili hiyo tu. Wakati zamu yake inafika, mkanda wa kamera ulikuwa umebakiwa na picha moja.

Nyuma ya shuka, mikono ikiwa imechoka, Yudita alimwambia Tumpe jambo kwa sauti ya chini. Alimwambia, "Kijiji kizima kitakuwa na picha isipokuwa mimi. Nikifa huku, nani atajua nilikuwaje?"

Tumpe akachungulia mbele akamwona Nsajigwa kwa nyuma, amejinyoosha ndani ya koti lake jipya, na karatasi ya dukani bado inaning'inia kwenye kola. Akamnong'oneza Yudita, "Mtazame bwana harusi. Kumbe hajalipiwa, yule. Tumrudishe dukani?"

Yudita akacheka. Alicheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa mikono, hana hata pa kujifunika mdomo. Na Tumpe alipoona anacheka hivyo, akaiachia pembe yake ya shuka, akainama chini.

Shuka likaanguka, likabaki linaning'inia kwenye mkono mmoja wa Yudita. Nsajigwa akasikia kicheko, akageuka nyuma kutazama. Na Lwitiko, ambaye jicho lake lilikuwa kwenye kamera, aliona yote mawili kwa pamoja. Alimwona aliyekuja kupigwa picha amegeuka, na alimwona aliyekatazwa kupigwa picha amefunuliwa. Alikuwa na picha moja. Akabonyeza.

Watu walicheka, basi, wakadhani ni picha iliyoharibika. Nsajigwa akaomba arudiwe. Lwitiko akamwambia mkanda umekwisha, avumilie mpaka kiangazi kijacho atakaporudi kugawa picha.

Mwezi ule haukwisha. Yudita alipata uchungu, akajifungua mtoto wa kike, akafa. Mtoto akaitwa Subilaga.

Kabla ya kiangazi Nsajigwa naye akashikwa na kiharusi. Alipona miguu, lakini mdomo ulienda upande na haukurudi. Akaapa kwamba hatapigwa picha tena na uso ule. Kwa hiyo Lwitiko aliporudi na picha alizokwisha kuzisafisha, ile moja ndiyo iliyokuwa picha pekee ya Nsajigwa, na ndani yake humwoni. Unaona koti, unaona sikio, unaona kisogo. Uso uliopo ni wa Yudita, kwa nyuma yake, umejaa kicheko, shuka likimning'inia mkononi na mkono wa pili ameuweka juu ya tumbo.

Picha ile ilipita mikononi mwa watu na hakuna aliyecheka safari hii. Wazee walisema sasa tumejua kilichomuua. Lwitiko akaambiwa achukue vitu vyake, asirudi. Tumpe, ambaye kila mtu alikumbuka ndiye aliyeachia shuka, alirudishwa kwao na mumewe kabla ya mavuno. Kwa wazazi wake alipokelewa, lakini wajawazito walikuwa wakimwona njiani wanakata kona. Hakuitwa tena kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Hakufanya tena utani, hata pale mtu mwingine alipoufanya, na mimi niliyekua naye nawaambia kwamba hicho ndicho kilichokuwa kigumu kukizoea.

Nsajigwa aliamriwa aichome picha. Akasema sawa. Watu waliona moshi nyuma ya nyumba yake, wakaridhika. Lakini kilichoungua kilikuwa gazeti. Picha aliishonea ndani ya koti la kahawia, kati ya kitambaa cha nje na cha ndani, upande wa kifuani.

Subilaga alikua bila kujua sura ya mama yake. Ndimyake, baba yake, hakuwa mtu wa maneno. Siku moja tu alimpeleka nyumba ya jirani, akamwonyesha picha ya katekista na baiskeli, akaweka kidole juu pembeni, akasema, "Huyo ndiye mama yako." Tangu siku hiyo mtoto akawa anapita nyumba kwa nyumba kuomba kuona picha. Nasi tulimruhusu. Alikuwa anasimama juu ya kigoda, anavitazama vidole vile, halafu anashukuru na kuondoka. Alipouliza mama alikuwaje, huyu alimwambia alikuwa na paji pana, yule akamwambia hapana, alikuwa na uso mwembamba. Wengine walisema wamesahau, nami nilikuwa mmoja wao, na kweli nilikuwa nimesahau.

Ndimyake akafa, Subilaga akiwa mwali. Pale kaburini alishindwa kusimama, na aliyekuwa karibu naye akamkumbatia. Alikuwa Nsajigwa, amevaa koti lile alilokuwa akilivaa misibani tu. Binti alilia kifuani pake mpaka koti likalowa. Mzee yule alimshika kichwa, akanyamaza.

Nisirefushe. Subilaga aliolewa, akapata mimba, na siku ya kujifungua mambo yakawa magumu. Akapasuliwa hospitali, mtoto wa kike akatoka mzima, lakini kizazi chake kikabidi kitolewe. Akarudi nyumbani na mtoto mmoja akijua hatapata wa pili.

Wanawake tukaenda kumwona mzazi. Mnajua kazi yetu pale ni kumtazama mtoto na kutaja amefanana na nani. Tukamgeuza huku na huku. Hakufanana na baba yake, wala babu yake Ndimyake, wala yeyote. Mmoja wetu akatania, "Huyu katoka wapi sasa?" Subilaga akaweka kikombe cha uji chini. Akasema, "Labda amefanana na mama yangu, nami sitajua mpaka nakufa." Kisha akalia, na sisi tukaanza kutafuta mitandio yetu.

Habari zikamfika Nsajigwa. Asubuhi akaja amelikunja koti mkononi, akaomba wembe. Akakaa kizingitini akafumua mshono polepole. Akatoa picha, akampa.

Subilaga aliitazama, akamtazama mtoto, akaitazama tena. Paji lilikuwa lile, na lile shimo dogo la kidevuni, na nyusi zilizokaribia kukutana. Akamwuliza mzee ameiweka tangu lini. Nsajigwa akasema tangu mwanzo. Akamwuliza na siku ile kaburini?

"Siku ile pia," Nsajigwa akasema. "Mwanzoni niliwaogopa wazee. Wazee wakafa, nikawa sina ninayemwogopa. Lakini mwanangu, nyumbani kwangu hapakuwa na uso mwingine. Nilikuwa nalitandika koti mezani napapasa pale alipo, namsalimia. Nikikupa wewe, nabaki na nani?"

Tumpe aliitwa aje kuthibitisha. Alifika akasimama mlangoni, akakataa kuingia kwa sababu ya mtoto. Ikabidi picha apelekewe. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema ndiye, na ndivyo alivyokuwa anacheka. Ndipo akasimulia yale maneno ya nyuma ya shuka, ambayo hakuwahi kuyasimulia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza. Akasema, "Halikuniponyoka. Niliachia. Nilitaka awe na picha moja, na nilijua angekataa kama ningemwomba." Kisha akamwonyesha Subilaga ule mkono juu ya tumbo. "Na wewe umo humo, mama. Upo chini ya mkono."

Lwitiko alitafutwa, akapatikana Mbeya. Akaja ameshikwa mkono, maana macho yalikwishaharibika yote mawili, haoni hata mwanga wa dirisha. Na mikanda yake yote ya miaka ile iliozea stoo, paa lilikuwa linavuja, ikagandana ikatupwa. Zilizobaki ni zile alizotugawia tu. Ana watoto, wako mbali, hawamtembelei. Aliishika picha akaipapasa, karatasi laini tupu. Akaomba aelezwe kilichomo, Subilaga akamweleza. Lwitiko akasema anaikumbuka. "Nilijua ninamwibia yule bwana picha yake. Nilijua pia kwamba mama yule alikatazwa. Nikabonyeza."

Nsajigwa alikuwepo, amekaa palepale.

Sasa sikilizeni vizuri, ndipo penye mzigo. Ilwangu mtoto hupewa jina la mtu mzima aliyewatendea wazazi wake jambo kubwa. Mtu yule anakuwa somo wake, na siku akifa, ni mtoto huyo, sawa na mwanawe wa kumzaa, atakayetangulia mbele ya jeneza na kuibeba picha yake. Mwanamke aliyefia uzazini jina lake halirithiwi, kwa hiyo msiniambie mtoto aitwe Yudita. Na majina yetu hayachagui mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo msijifiche hapo pia. Subilaga alitangaza kwamba jina la mwanawe ni la yule aliyempa sura ya mama yake. Mtoto ni mmoja, na hatakuwapo mwingine.

Kijiji kiligawanyika. Wapo waliosema ni Lwitiko, maana pasipo jicho lake shuka lingeanguka na kuokotwa na habari ingeishia hapo, na tena mtu aliyepiga picha za wote hana hata mmoja anayemkumbuka. Wakajibiwa kwamba alichukua kisichokuwa chake, kwa watu wawili kwa mpigo. Wengine walisema ni Tumpe, aliyelipa kwa ndoa yake na kicheko chake, na jina hili lingeuambia ulimwengu kwamba hakumuua mtu. Wakajibiwa kwamba rafiki alikuwa amekatazwa, na yeye akamfunua. Wengine wakasema ni Nsajigwa, aliyepoteza picha yake pekee na bado akaihifadhi, wakati angeweza kuichoma kwa hasira na hakuna ambaye angemlaumu. Wakajibiwa kwamba yatima alilia kifuani pake, mama yake akiwa ndani ya kitambaa, naye akanyamaza.

Wenyewe walipoulizwa, Lwitiko alisema apewe yeyote, ila aruhusiwe kumpapasa mtoto uso. Akaruhusiwa, na vidole vyake vikakaa sana kwenye kile kishimo cha kidevuni. Tumpe alisema hataki jina, anataka tu aingie ndani. Subilaga akamvuta mkono akamwingiza. Nsajigwa, yeye bingwa wa kunyamaza, ndiye aliyesema kweli yake. Alisema, "Mimi nalitaka."

Siku ya kumtoa mtoto nje ilifika. Kwetu mzazi anapotoka na mtoto mara ya kwanza, watu husimamisha shuka mbele ya mlango ili jua na macho ya watu yasimpige kichanga, na mama husimama nyuma ya kizingiti akilielekea, akataja jina. Aliyetajwa ndiye anayezunguka shuka na kwenda kumpokea mtoto. Subilaga aliomba walishike wao watatu. Tukalitandaza shuka jeupe, wakalinyanyua. Nilikuwa ndani, karibu na mzazi. Tulichokiona kutoka pale ni vidole tu juu ya ukingo. Vya Tumpe, vilivyozeeka sasa. Vya Nsajigwa, vimekikaza kitambaa. Vya Lwitiko katikati, vikitafuta ukingo wa kitambaa uko wapi.

Subilaga alisimama pale na mtoto kifuani. Alivitazama vidole vile kama alivyokuwa anavitazama vya pichani utotoni, juu ya kigoda. Watu wa nje wakaanza kukohoa. Kisha akataja jina.

Nililisikia, lakini siwaambii. Nawaambia tu kwamba mmoja alizunguka akampokea mtoto, na wawili wakabaki wameshika shuka.

Sasa ninyi ndio mmesimama pale mlangoni, mtoto anakulalieni kifuani, na nyuma ya kitambaa wazee watatu wanasubiri. Wewe uliyezoea kujibu upesi, mbona umeinama? Je, ungemwita nani, na wawili wanaobaki ungewaambia nini?